Melania Ntakije, Fundi Aliyeijua Miguu ya Ujiji

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mama Melania Ntakije anaweka mkasi mezani na kuaga rasmi Karakana ya Ushonaji Nyota ya Ziwa, hapa Ujiji, baada ya utumishi wa miaka thelathini na saba. Aliingia mwaka 1988 akiwa mpiga pasi. Anatoka akiwa fundi mkuu wa kukata suruali. Katika kipindi hicho chote, sidhani kama kuna ukoo kuanzia hapa hadi Bangwe ambao hauna angalau mtu mmoja aliyewahi kusimama mbele yake na kuelezwa ukweli kuhusu miguu yake, tena bila kuombwa radhi.

Unyenyekevu si miongoni mwa vipaji vya Mama Melania, na yeye mwenyewe hajawahi kudai kuwa nao. Mteja akitoka na suruali mpya, humfuata hadi barabarani kumtazama anavyokwenda. Suruali ikiwa imeanguka vizuri, hurudi ndani akitangaza, "Yule mwacheni apite, ni kazi yangu ile." Hata kanisani hapumziki. Amekiri kwamba kwenye foleni ya komunyo huinamisha kichwa ili akague mapindo ya walio mbele yake, na kwamba kuna padri aliyewahi kumsifu hadharani kwa uchaji.

Alizaliwa Kalinzi, kwenye kahawa na migomba, akashuka mjini kuolewa na Dismasi, seremala. Karakana ilikuwa inatafuta mtu wa pasi. Zilikuwa pasi za mkaa wakati huo, na chumba cha pasi kilikuwa na joto la kumfanya mtu aombe kurudi milimani siku hiyo hiyo. Yeye alibaki. Anasema pasi ndiyo iliyomfundisha kukata, kwa sababu mpiga pasi hukutana na kila kosa la mkataji: paja lililobanwa mpaka mfuko unafumuka mdomo, mstari wa mbele unaoanzia katikati ya kiuno na kuishia kwenye kidole kidogo cha mguu, pindo linalolala juu ya kiatu kama soksi iliyolegea.

Shamba lake la kwanza la majaribio lilikuwa mumewe. Baba Dismasi ni mtu mwenye kiwiliwili kirefu na miguu mifupi, na kwa miaka mingi alivaa suruali zilizofungwa chini ya tumbo na kukunjwa pindo nje, kama ilivyokuwa fasheni. Mama Melania akamfumulia moja jioni, akapandisha kiuno hadi kwenye kitovu, akaondoa mkunjo wa nje, akalishusha pindo nyuma hadi likaribie kisigino. Jumapili iliyofuata shemeji yake alimtazama Dismasi mlangoni mwa kanisa, akauliza kama amerefushwa na soli mpya za viatu. Havikuwa na soli mpya. Walikuwa wamezoea kuiona miguu yake ikiwa imekatwa mara tatu, kiunoni, kwenye mkunjo na kwenye kiatu, na sasa waliiona yote kwa mara moja.

Suruali hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye meza ya kukatia. Mkuu wa meza alikuwa Mzee Mwinshehe, fundi aliyeheshimika kando yote hii ya ziwa, na ambaye leo, ingawa macho yamechoka, yuko nasi ukumbini. Mzee aliiona, akauliza nani ameikata, akaambiwa ni yule mama wa pasi. Kesho yake alimpa chaki.

Tatizo lilikuwa kupima. Kukata suruali bila kujua urefu wa ndani ya mguu ni kubahatisha, na wateja wa suruali wakati huo walikuwa karibu wote wanaume. Siku moja Mzee alikuwa mgonjwa, akaja mfanyabiashara wa dagaa kutoka Ilagala, anayejiandaa kumwoza binti yake. Mama Melania alipochuchumaa na tepu, yule bwana aliruka nyuma hadi akagonga cherehani.

"Huko mimi sipimwi na mwanamke, mama!"

"Basi jipime," akajibu Mama Melania. "Shika kichwa cha tepu, ukiweke wewe mwenyewe pale miguu inapokutana. Mimi nabaki huku chini kwenye kiatu. Kwenye kiatu kuna ubaya gani?"

Bwana yule alifikiri, akashika tepu. Karakana nzima ilikuwa inacheka, na mwishowe naye akacheka. Suruali yake ilimkaa vizuri mpaka akarudi na kaka zake wawili. Tangu siku hiyo, hapa Nyota ya Ziwa, mteja hushika kichwa cha tepu mwenyewe, awe mwanamume au mwanamke, na wengi wenu mliojifunza kazi hapa mlidhani ni utaratibu uliokuwepo tangu zamani.

Lakini kazi ambayo Mama Melania angependa akumbukwe nayo ni ya mwaka 2001, na ameniruhusu kuieleza. Mhusika naye ameruhusu, tena ameomba jina lake litajwe. Anaitwa Shadia.

Shadia alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu aliyepata ajali ya lori kwenye barabara ya milimani. Mguu wake wa kushoto ulipona ukiwa mwembamba kuliko wa kulia na mfupi kwa vidole viwili hivi, na goti likawa limegeukia ndani kidogo. Kwa miaka miwili alivaa madera mapana na kutoka nyumbani kwa nadra. Kisha akapata kazi ya ukarani wa mizigo bandarini. Kazi ilikuwa ya kupanda na kushuka kwenye vyombo siku nzima, juu ya mbao nyembamba na ngazi za chuma, na mwajiri alimweleza wazi kwamba gauni halitafaa. Avae suruali, aanze Jumatatu. Asipoweza aseme, yupo mwingine anayesubiri.

Alikuja na mama yake, Bi Mwanvua. Nilikuwa mgeni hapa kazini, nimetoka Bukoba mwaka huohuo, na cherehani yangu ilikuwa karibu na mlango, kwa hiyo nilisikia yote.

"Shikamoo mama," Shadia alisema. "Nataka suruali pana sana. Ifunike kila kitu."

"Mimi sitaki kabisa avae suruali," Bi Mwanvua akadakia. "Mwenyewe unamwona. Bandarini kuna vijana mia wa kubeba mizigo, hawana kazi nyingine ila kutazama watu. Watamcheka mwanangu."

Mama Melania alimtazama Shadia kwa muda. "Vua kandambili hizo," akasema. "Kazini utavaa kiatu gani?"

"Sijajua."

"Nenda kalete. Bila kiatu hakuna kipimo."

Alirudi na kiatu cha ngozi chenye kisigino kifupi. Mama Melania akapima, akakata amerikani, kile kitambaa cheupe cha bei nafuu tunachojaribia, akatengeneza suruali pana kama binti alivyoomba. Ndani ya mguu wa kushoto alitia bitana mara tatu, ili uonekane mnene kama mwenzake. Alikuwa na uhakika na wazo lake. Shadia alivaa, akapiga hatua chache kuelekea kwenye kioo, akasimama. Mguu wa kushoto ulikuwa unakuja nyuma yake kama mfuko uliojaa nguo, na pindo lilifagia sakafu. Alianza kulia bila sauti. Bi Mwanvua alimfunika mtandio mabegani, akamgeukia fundi.

"Si nilikwambia?"

Ninyi mnaomjua Mama Melania mtaelewa uzito wa jambo nitakalolisema sasa. Hakujitetea. Alikaa chini, sakafuni, mbele ya binti, akasema, "Nimekosea mimi. Mguu wako hauna kosa. Niliutaka uwe mguu wa mtu mwingine."

Kisha akamwomba jambo la ajabu: avae tena suruali ile, bila bitana, na watembee pamoja barabarani, kwenda na kurudi. Shadia alikataa. Mama Melania akasema atatembea yeye kwanza, akatoka. Shadia alimwangalia akienda peke yake juani, na baada ya muda akamfuata. Walikwenda hivyo mara kadhaa, binti mbele, fundi nyuma, macho yake yakiwa chini muda wote. Waliporudi, Mama Melania alikuwa anatabasamu.

"Wembamba hauonekani," akatuambia. "Nimeutafuta, sijauona. Kinachovuta macho ni pindo. Moja linagusa vumbi na jingine haligusi. Na mstari wa mbele unapinda kwa sababu nimelifuata goti. Sitalifuata goti. Nitakifuata kiatu."

Hapo ndipo Mzee Mwinshehe alipoingilia kati. Suruali, kwa jinsi alivyofundishwa na alivyotufundisha, hukatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa, miguu yote miwili kwa pigo moja, na kuikata mmoja mmoja ni kuharibu kitambaa na kuaibisha karakana.

"Suruali ni miguu miwili iliyo sawa, Melania," akasema. "Hiyo ndiyo kazi."

"Kitambaa kinakunjika, Mzee. Shadia hakunjiki."

Mzee aliitazama ile amerikani mezani, akamtazama binti, akatoka nje. Mama Melania alichagua kitambaa cha bluu iliyokolea, kizito kidogo ili kianguke kwa uzito wake bila kung'ang'ania ngozi, akakata kila mguu peke yake. Upana ulianzia kwenye nyonga ukashuka moja kwa moja, haukubana popote. Wa kulia aliupunguza kidogo ili usimzidi mwenzake. Wa kushoto aliukatia pindo fupi zaidi, na upande huo wa kiuno akaupandisha ili mkanda ukae sawa mtu anapochechemea. Mstari wa mbele aliushusha wima kutoka kwenye paja hadi kwenye ncha ya kiatu, kana kwamba goti halipo.

Jumamosi Shadia aliivaa. Alijitazama muda mrefu, akageuka upande, akageuka mwingine. Bi Mwanvua alikuwa amekaa kwenye benchi ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mama, inaonekana?" Shadia aliuliza.

"Tembea tena," mama yake alisema. Akatembea. "Tembea tena." Akatembea. Bi Mwanvua akainuka, akaenda kushika pindo la kushoto kwa vidole, akalinganisha na la kulia, yote mawili yakiwa yamelala juu ya kiatu mahali pamoja. Akasema kwa sauti ndogo, "Usiilowanishe na maji ya ziwa."

Jumatatu Mama Melania hakuonekana kazini asubuhi. Alikuwa ameondoka kwenda bandarini bila kuaga, akasimama pembeni, kati ya wauza mawese. Alimwona Shadia akishuka kwenye gari, akipita katikati ya wapakizi na magunia yao, akipanda kwenye ubao, akiingia chomboni. Alisubiri ashuke, apande cha pili. Alirudi karakanani akiwa amekanyaga hewa, kifua mbele, akafungua mlango kwa nguvu.

"Hakuna aliyegeuka!" alipaza sauti. "Hata mmoja! Wamempisha kama wanavyopisha mtu yeyote!"

Sijawahi kusikia fundi akijisifu kwamba nguo yake haikutazamwa. Siku ile nilielewa kwa nini watu walimvumilia maneno yake yote. Mzee Mwinshehe naye alikuwa amesikia. Alivua tepu shingoni mwake, akaiweka juu ya meza kubwa, akasema, "Kuanzia leo, habari ya suruali aulizwe Melania." Alikuwa bado na miaka kadhaa kabla ya kupumzika, na aliitumikia meza hiyo kama msaidizi wake, bila kinyongo. Shadia leo ni msimamizi wa makarani wote pale alipoanzia, na kila baada ya muda hutuletea mtu mwenye mguu anaouonea aibu.

Kuanzia hapo karakana ilibadilika. Tuliacha kuuliza mteja anavaa saizi gani, tukaanza kumwomba atembee, akae, achuchumae. Ilipoingia fasheni ya modo, suruali za kubana mpaka kwenye kifundo, vijana walifurika wakitaka zote zifanane. Mama Melania hakuwakaripia. Alikuja Erick, msimamizi wa harusi, kijana wa mpira mwenye mapaja ya maana, akasisitiza abanwe kama msanii aliyemwona kwenye simu. Alishonewa ya kujaribia kama alivyotaka.

"Imekaa freshi, mama," akasema mbele ya kioo.

"Chuchumaa kama unamfunga bibi harusi kamba ya kiatu."

Alichuchumaa. Sauti iliyosikika ilitoka nyuma, mshono ulipochanika. Alichukua suruali iliyonyooka kutoka kwenye paja hadi chini, na kwenye picha za harusi ile ndiye anayeonekana mrefu kuliko bwana harusi, jambo ambalo bwana harusi hajalisahau.

Wanafunzi wake wametawanyika sasa, wengine wana karakana zao Mwanga na Kasulu, na ukiwasikiliza wote wanazungumza kwa sauti yake. Watakwambia mguu mwembamba usiubane, upe marinda mawili kiunoni na nafasi ya kupumua. Mwenye kigimbi kikubwa usimkatie suruali ikaishia katikati ya kigimbi, maana jicho husimama pale pindo linaposimama. Ama ipite chini yake, ama ifike kwenye kifundo. Mfupi asikunje nje. Mrefu mwembamba anaweza kukunja, tena inampendeza. Mwenye nyonga pana asiogope suruali, aogope tu ile inayoanza pana juu ikaishia nyembamba kama funeli. Na kila mmoja wao atakurudisha nyumbani ukalete viatu.

Amewahi kukosea, naye hukumbuka makosa yake kuliko sifa. Amewahi kufumua kazi iliyokwisha kulipwa na kupelekwa, kwa sababu alimwona mteja akipanda kwenye pikipiki na pindo likapanda mpaka kwenye ugoko. Alimsimamisha njiani. Mwenye suruali alidhani ni kesi.

Mwezi uliopita tulikaa mafundi kupanga zawadi ya kumuaga. Wapo waliotaja vitenge, wapo waliotaja godoro, na mmoja alisema mbuzi. Tukaona bora tumuulize. Akasema, "Nishoneeni suruali."

Tulitazamana. Miaka yote hii hakuna kati yetu aliyewahi kumwona amevaa suruali. Tulidhani ni desturi ya nyumbani kwao, au ni umri. Akavuta kigoda, akakaa, akapandisha kitenge hadi juu ya magoti. Mama Melania ana matege, tena si madogo. Alitueleza kwamba utotoni Kalinzi wenzake walikuwa wakiupitisha mpira wa matambara katikati ya magoti yake na kushangilia goli, naye alishangilia pamoja nao, halafu akaenda kulia kwenye kahawa.

"Nimeitengeneza miguu ya watu wote hawa," akasema. "Ya kwangu nimeificha miaka sitini. Na mimi nataka kuiona."

Mafundi walinichagua nikate. Nilimpima, naye ameshika kichwa cha tepu mwenyewe. Nilichukua kitambaa cha kijivu kizito, nikakata pana tangu nyonga, nikaushusha mstari wima, nikaliacha pindo refu nyuma. Alipoivaa alisogea karibu na kioo, akarudi nyuma, akasogea tena. Tulisubiri kusikia nini kimeharibika. Aliweka viganja viwili juu ya magoti yake, kupitia kitambaa, akaviacha hapo. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Kumbe miguu ninayo," akasema. Baada ya kitambo akaongeza, "Joanitha, pindo la kushoto umeliacha refu kwa nusu kidole." Nilipima. Ni kweli, nilikuwa nimeacha. Nimelirekebisha pindo hilo, na leo ukumbini ameivaa.

Mama Melania, karakana inakushukuru. Umetupa jina zuri mjini, umetufundisha kumtazama mtu kabla ya kukitazama kitambaa, na umetuchekesha hata siku tulizokukasirikia. Tunakuombea afya, nyumba yenye amani na Baba Dismasi, mvua nzuri kwenye kahawa, na safari nyingi za miguu kwenye njia za Kalinzi. Na suruali hiyo ikichakaa, shuka mjini tukupime upya.

Joanitha, kwa niaba ya mafundi wote wa Nyota ya Ziwa